Mahamri mawili yaleyale: Jumanne 7, Jumatano 18. Nakosea wapi?

Mama_Mahamri, Kisauni

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Kisauni, Mombasa, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi naitaja kwa sababu. Hamri langu silipimi kwa mizani lakini mkono ushazoea. Chukua mawili yoyote kwenye ungo wangu utakuta yako sawa, maana mteja akipewa dogo kuliko la mwenziwe mtaa mzima utasikia. Basi binti yangu ana miaka 9 na ana sukari, hii ya watoto, ya sindano. Mwaka wa pili sasa. Yuachomwa insulini ya mchanganyiko, yuniti 13 asubuhi na 7 jioni, kama tulivyoandikiwa kliniki.

Jumanne kaamka na sukari ya 8.2. Nikamchoma, tukangoja nusu saa, akala mahamri mawili na upawa mmoja wa mbaazi, chai bila sukari, akaenda skuli. Kurudi saa saba: 7.4. Nikashukuru Mungu, nikajiona nishaijua kazi. Jumatano kaamka na 8.0. Sindano ileile, saa ileile, mahamri mawili ya unga uleule, mbaazi upawa mmoja. Saa saba: 17.8. Nikapima tena, 17.5. Alhamisi nikarudia kila kitu makusudi, kama mtu anayebishana na ukuta: 11. Na usiku wa Alhamisi hiyohiyo, saa nane, nimeamka kukanda unga, nikampitia nikamgusa shingo. Jasho, na baridi. 2.9, sukari imeshuka mno. Nikamkalisha, nikampa asali, akaila macho yamefumba, yuanitukana usingizini. Mtoto ambaye mchana hathubutu kuniambia hata "ngoja".

Naandika kila kitu nyuma ya daftari la madeni. Mbele wateja, nyuma nambari za mtoto. Wateja afadhali, mwisho wa mwezi najua wataleta pesa au wataleta hadithi. Huku nyuma sijui chochote.

Tulivyoanza wengi mwajua wenyewe. Mtoto yuanywa maji kama amekula papa mkavu, yuakojoa kitandani na alikuwa ameacha tangu miaka mitatu, nguo zamning'inia. Tukaambiwa malaria, tukapewa dawa. Siku ya nne yuatapika na yuapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Bombolulu. Tulipofika hospitali wakamtoboa kidole, mashine ikaandika HI. Wallahi nilidhani yatusalimia. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba maana yake sukari imepita mahali mashine inapojua kuhesabu, zaidi ya 33.

Swali langu si la dozi, dozi nitauliza kliniki. Nataka kujua nakosea wapi. Babake yuko melini, akipiga simu neno la kwanza ni "nambari ngapi?" na la pili "kwani umempa nini?" Mavyaa wangu asema ni jicho, na siku hiyohiyo aliyosema ni jicho nikamkuta akimkatia kashata. Skuli mwalimu mmoja alimzuia kula glukosi darasani, eti wenzake watataka. Kila mtu ana lake, lakini kwenye daftari mwandishi ni mimi peke yangu. Na nyinyi usiku mwalalaje?

Baba_Feri

Mama Mahamri, pole. Mwanangu ana miaka 14, tulianza akiwa na mitano, kwa hivyo Jumatano kama hiyo yako nimeshapata zaidi ya mia nne. Nyingine mpaka leo sijazielewa.

Nikuulize kitu cha kipuzi: Jumatano alinawa mikono kabla ya kutoboa? Huu ni msimu wa maembe. Wangu aliwahi kutoka 22 hadi 9 kwa sabuni tu. Alikuwa amemenya embe, maji ya embe yako kwenye ncha ya kidole, mashine ikapima embe. Umesema ulipima tena ukapata 17.5, sasa sijui, kama ni kidole kilekile bila kunawa basi umepima embe mara mbili.

La pili, mkebe wa stripu, vile vibanzi vya kutilia damu kwenye mashine. Hii hewa yetu ya maji, ukiacha kifuniko wazi usiku mmoja stripu zaanza kusema uongo. Na mwajua hazitoshi, mkebe ni stripu 50, ukipima mara nne kwa siku ni siku kumi na mbili tu. Kwa hivyo watu hupima mara mbili halafu wanataka kuijua siku nzima. Ni kama kutazama mechi dakika ya kwanza na ya mwisho ukataka kueleza magoli yalivyoingia.

Kuhusu kutukanwa usingizini, mshukuru. Ndiyo dalili yenu hiyo ya sukari kushuka, ishike. Sisi tulikuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, jua la saa nane, watu kama siafu, kijana akaanza kunijibu ovyo. Nikamkaripia mbele za watu. Akanijibu tena, nikainua mkono. Kisha nikaona mdomo wake umekuwa mweupe. 3.1. Nikakimbilia kibanda, nikaomba soda, nikamnywesha yote. Dakika kumi na tano, 2.8. Nikaitazama chupa vizuri: muuzaji alinipa ile isiyokuwa na sukari, kwa sababu nilimwambia haraka mtoto ana sukari, naye maskini akaona anasaidia. Tangu siku hiyo mfukoni nina karatasi ya sukari, ile nyeupe ya dukani, vijiko vitatu vya chai nimekunja. Mke wangu akifua suruali zangu hulalamika.

Ule mkono niliouinua sijausahau, ingawa haukushuka.

TibaAsili_001

Dada yangu hizo sindano ndizo zinamchanganya mtoto. Mwili ukizoea dawa ya kizungu hauna tena mpango. Mpe unga wa mlonge na habasoda kijiko asubuhi na jioni kwa siku arobaini huku ukipunguza sindano polepole. Mjomba wangu alikuwa na sukari ya 20, leo hachomi wala hamezi. Nitumie ujumbe nikuelekeze.

Bi_Muuguzi, Tudor

Wewe wa tiba asili, nitakujibu kwanza wewe kisha nikusahau. Mjomba wako ni mtu mzima mwenye sukari ya aina ya pili: kongosho lake bado latoa insulini, akipungua mwili na akibadilisha chakula anaweza kushuka. Mtoto huyu seli zinazotengeneza insulini zimeuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Hana. Ukimpunguzia sindano "polepole" atarudi kwenye ile pumzi ya kukimbia kutoka Bombolulu, na safari hii huenda mashine isiwahi kuandika HI. Kabla ya Januari 1922, mtoto wa aina hii alipewa chakula cha kumweka hai muda mfupi tu. Mwezi huo kijana wa miaka 14 alichomwa insulini kule Toronto, Leonard Thompson, alikuwa na uzito wa mtoto mdogo, akaishi miaka kumi na tatu zaidi. Mlonge ulikuwepo siku zote hizo. Upike kama mboga, mtamu.

Sasa Mama Mahamri. Nimefanya wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kustaafu. Unauliza unakosea wapi, nami nitakuonyesha pa kutazama, lakini sikubaliani na neno lenyewe. Mwenye kongosho zima hutoa insulini kidogo kidogo mchana kutwa: sukari ikipanda latia, ikishuka laacha. Wewe wamchoma saa kumi na mbili alfajiri insulini ya saa saba mchana. Saa kumi na mbili hujui mwalimu wa michezo atakuja au hatakuja, hujui kama mafua yameanza, hujui kama amefokewa. Huko si kupima dawa, mwanangu, huko ni kuagua. Ukipata 7.4 siku mbili kwa juma umeagua vizuri.

Ya kutazama ni haya. Insulini ya mchanganyiko ina mbili ndani ya chupa moja, 30 kwa 100 ya kufanya kazi upesi, iliyobaki ni ile nyeupe ya polepole ambayo hutuama chini. Wewe ni mpishi: mbaazi ukiipakua bila kukoroga, wa kwanza apata tui na wa mwisho apata mbaazi. Chupa nayo ndivyo. Iviringishe baina ya viganja, mara kumi hadi ishirini, mpaka iwe rangi moja kama maziwa. Usiitikise, yafanya povu.

Ukimaliza hapo shika mapaja yake. Usitazame, shika, kwa vidole, polepole, kama unayetafuta kijiwe kwenye mchele. Watoto hupenda kuchomwa pale ambapo hapaumi tena, na hapaumi kwa sababu pamekuwa nundu ya mafuta. Insulini ukiichoma kwenye nundu leo yakwama, kesho yatoka kwa mpigo. Nimeona watoto wakiongezewa dozi mwezi baada ya mwezi na shida ilikuwa nundu ya ukubwa wa kokwa ya tende.

Na chupa waiweka wapi? Isiyofunguliwa yataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, nyingi haziharibiki kwa wiki nne kama joto halipiti 30, na sisi Machi twapita hapo mchana mzima. Usiku wa saa nane una maelezo pia: aliruka kamba jioni? Misuli ikichezeshwa huvuta sukari ya damu usiku kujaza tena akiba yake, mtoto amelala. Siku ya mchezo mrefu muulize daktari wako kuhusu kumpa kitu kabla ya kulala.

Tui zito la kwanza nalo huchelewesha chakula tumboni, sukari ikapanda wewe umeshaacha kupima. Lakini hilo liweke mwisho wa orodha, anza na chupa na mapaja.

Ongezeo, maana wengine wanasoma kimya: mtoto akizimia usimtie asali wala soda mdomoni, itaingia kifuani. Mlaze ubavu, tafuteni gari. Na akiugua, hata kama hali chakula, msiache insulini. Mpigieni daktari wenu, na pimeni ketoni kwenye mkojo, ile asidi ya mwili uliokosa insulini.

Baba_Feri

Bi Muuguzi, hilo la nundu sisi lilitupata. Miaka miwili. Nilikuwa nikimchoma mwenyewe na sikuwahi kushika.

Mtoto_wa_Majengo

Mimi niko upande wa pili wa daftari. Nina miaka 23, nilianza nikiwa na saba, Majengo, nyumba ya ami zangu, watu kumi na wawili na friji moja.

Mamangu alikuwa kama wewe, aliandika. Nikitoka skuli, kabla sijavua viatu: "Ngapi?" Si "umeshindaje", si "njoo ule". Ngapi. Nikitoka chuoni kwa ustadhi: ngapi. Siku ya Idi, nimevaa gauni jipya, hina mpaka kwenye viwiko: ngapi. Nikisema 6 anafurahi, uso wake wafunguka. Nikisema 16, hasemi kitu, lakini wasikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu. Mtoto hajui kwamba mama anaogopa. Yeye ajua tu kwamba 16 ni kosa na kosa ni lake.

Basi nikaanza kusema uongo. Nilipofika miaka kumi na moja nilikuwa stadi. Siku hizo mashine yetu ya zamani ilikuwa mbovu kwenye kumbukumbu, kwa hivyo kitabu ndicho kilichosomwa. Nilijua kwamba ukiandika 6 kila siku watashuku, kwa hivyo naweka 6.8, 9.1, 7.3, moja moja 11.4 kwa ajili ya ukweli. Nilikuwa nikinunua mabuyu mekundu ya shilingi kumi, najilamba vidole njia nzima kutoka Mwembe Tayari, ulimi nausugua kwa kanga ili usionekane mwekundu. Kliniki wakapima damu, kipimo kile kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, ikatoka mbaya sana. Daktari akatazama kitabu, akatazama karatasi, akatazama mama. Akaanza kumuuliza yeye! Mamangu hakujitetea. Kwenye tuktuk ya kurudi alilia, nami nikalia, dereva akazima redio.

Sikuambii usiulize nambari. Iulize. Ila mashine haijui kama ni nzuri au mbaya, uso wako ndio unaomwambia. Siku hizi mimi huisoma kama ninavyosoma maji ya bahari, yamejaa au yametoka, kisha nafanya la kufanya.

Na mavyaa umwachie kashata moja ijulikane saa na siku yake. Kashata ya waziwazi waweza kuipigia hesabu, ya kuiba huwezi.

Kimya_wa_Changamwe

Nasoma tu. Wetu ana miaka minne, wiki ya tatu leo. Mke wangu hataki kumchoma, mimi ndiye namchoma, halafu natoka nje. Hiyo ya nundu nitaifanya. Asanteni.

Bi_Muuguzi, Tudor

Changamwe, mwambie mkeo akuangalie kwanza siku tatu, kisha ashike yeye bomba na wewe umshike mtoto. Asiachwe nje kabisa, siku utakayokwama kazini atafanyaje? Na wewe ukitoka nje, toka. Hilo si neno.

Mama_Mahamri, Kisauni

Nimechelewa kurudi, nilikuwa na oda ya maulidi, mahamri mia nne.

Bi Muuguzi, nimeshika mapaja. La kulia halina kitu. La kushoto kuna mahali kama hamri dogo lililokatika vibaya, gumu, hapo juu. Nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema "hapo hapaumi, ndiyo napapenda". Kwa hivyo sasa tumegawana, tumbo juma hili, paja la kulia juma lijalo, naye ameuchora mpango mwenyewe kwa kalamu ya rangi akaubandika kwenye mlango wa kabati. Tumbo halipendi. Twabishana kila asubuhi.

Lakini jambo kubwa ni chupa. Mimi sina friji. Chupa ya akiba naweka kwa jirani yangu, na jirani yangu anauza barafu za ukwaju, zile za mifuko. Friji yake ameifunga kwenye baridi ya mwisho ili barafu zishike upesi, na chupa yangu ilikuwa imesukumwa nyuma kabisa, imeegemea ukuta wenye theluji. Ile tuliyoifungua Jumatano asubuhi, kumbe ilishawahi kuganda. Niliitazama juani baada ya kusoma maneno yako: nyeupe yake haichanganyiki, ina vichembe vimeshika kwenye kioo kama chumvi. Niliipeleka kliniki, wakaitupa, wakanipa nyingine. Sikumwambia jirani kitu, hana kosa, tena alinisaidia bure. Nimenunua kichungu na chungu chake kikubwa, mchanga katikati, namwagia maji, chupa ipate baridi ndani ya kile kidogo. Wauza vyungu wa Kongowea walidhani nafungua mkahawa.

Basi nikadhani nimemaliza. Chupa mpya, tumbo, chungu, mikono na sabuni. Ijumaa 8.1, Jumamosi 6.6. Jumapili 14.2, na hakuna embe, hakuna nundu, hakuna kashata, nimetafuta kila mahali nikakosa. Nikaandika 14.2. Babake akapiga, neno la kwanza lilelile, nikamwambia 14.2. Akauliza umempa nini, nikamwambia nimempa insulini na mahamri, na kama una njia ya kuiuliza kongosho yake huko baharini uniambie. Akanyamaza, halafu akauliza habari za mvua.

Usiku bado silali. Saa nane ni saa yangu ya unga hata hivyo, kwa hivyo nampitia, namgusa shingo, naenda kukanda. Akiwa ameruka kamba namtoboa.

Wewe wa Majengo, maneno yako niliyasoma nikayafunga, nikayarudia siku ya pili. Jana ameingia, mkoba mgongoni, nikajizuia. Nikamwambia karibu mama, leo mlicheza nini? Akasimama mlangoni akanitazama sana. Akaniuliza, "Mashine imeharibika?"